Tumbawe Jipya Nyumbani: Lipumzike Kwanza

Simu ninazopigiwa kuhusu matumbawe ya nyumbani huanza karibu zote kwa neno moja: "Halifunguki." Mtu amenunua tumbawe, amelitia kwenye tangi lake la maji ya chumvi huko Nyali au Kizingo, Mombasa, na asubuhi yake amelikuta limejikunja kama ngumi, minyiri yote ndani, ute unaning'inia. Nikimuuliza amelifanyia nini tangu jana, natajiwa mengi: amelihamisha mara tatu, amebadilisha nusu ya maji, amelilisha, ametia dawa ya chupa. Namwambia aliache. Wengi hawalipendi jibu hilo.

Tumbawe ni mnyama, ingawa limekaa kama jiwe. Ndani ya nyama yake mnaishi vimwani visivyoonekana kwa macho, vinavyotengeneza sukari kwa mwanga na kumgawia mwenye nyumba. Yale magumu hujijengea mifupa ya chokaa kutokana na kalsiamu na kaboneti za majini, na jiwe la namna hiyo ndilo lililojenga kuta za Fort Jesus na nyumba za Mji wa Kale. Safari ya mfukoni huvuruga kila kitu kwa pamoja: giza, joto la gari, maji yasiyokwenda. Kufunga ni namna yake ya kujikinga. Siku mbili tatu si ajabu. Aina laini zenye mwili kama ngozi huweza kufunga wiki nzima na zaidi, kisha zikavua utando kama nta na kuchanua upya. Mtu asiyejua huuona utando ule akadhani ni kuoza, akalitupa tumbawe zima.

Tuanze na mfuko. Ukiwa umefungwa, hewa ya kaboni hujikusanya na kushusha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, na pH ikiwa chini, amonia iliyotokana na uchafu haina ukali mwingi. Ukifungua tu, kaboni inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inakuwa sumu. Ndiyo maana sikubaliani na ule mtindo wa kudondosha maji tone kwa tone kwa saa mbili huku tumbawe likiogelea katika uchafu wake. Acha mfuko uelee ukiwa umefungwa juu ya maji ya tangi kwa dakika 20 ili joto lilingane. Fungua, pima chumvi ya mfuko na ya tangi, kisha ongeza kikombe cha maji ya tangi kila baada ya dakika chache kwa muda wa nusu saa hivi. Chumvi zikiwa sawa, hata nusu saa si lazima. Maji ya mfuko yasiingie tangini.

Kabla ya kuliweka, lioshe kwenye ndoo ya maji ya tangi yenye dawa ya kuogeshea matumbawe, kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye chupa. Lipulizie kwa bomba dogo la mpira na uangalie kinachodondoka: minyoo bapa, konokono uchi, mayai. Mayai hayafi kwa dawa, hivyo yakwangue kwa mswaki wa zamani. Na kama kipande kimebandikwa kwenye kigingi, king'oe kama unaweza, kwani wadudu hupenda kujificha huko.

Neno moja la usalama wako mwenyewe. Zile zoanthidi, jamaa za matumbawe zinazofanana na vifungo vya rangi, baadhi yake zina sumu iitwayo palitoksini, na ni kali mno. Vaa glavu na miwani, usizikwangue mkono ukiwa na kidonda, na kamwe usichemshe jiwe lenye zoanthidi jikoni, maana mvuke wake umewahi kulaza watu hospitali.

Sasa mwanga, na hapa ndipo matumbawe mengi hupotea. Mnunuzi hutaka rangi, kwa hiyo hulipandisha tumbawe juu kabisa chini ya taa za LED siku ileile. Vimwani vilivyozoea mwanga hafifu wa dukani hupigwa na mwanga mkali, huzalisha oksijeni ya hatari ndani ya nyama, na tumbawe hulazimika kuvifukuza. Lianze chini, kwenye mchanga au pembeni, au upunguze nguvu ya taa hadi nusu. Lipandishe kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne. Likigeuka kahawia, vimwani vimezidi, mara nyingi kwa sababu mwanga ni mdogo au maji yana virutubisho vingi. Likififia, mwanga ni mkali au joto limepanda. Lipige picha kila siku saa ileile, kwa sababu jicho la mwenye tangi husahau lilivyokuwa juzi.

Mimi mwenyewe, miaka ya mwanzo, niliua tumbawe zuri kwa kulihamisha kila jioni nikilitafutia mahali panapolifaa. Lilikuwa halijamaliza kuzoea pa jana.

Kuna weupe wa aina mbili, na ni lazima uzitofautishe kabla ya kukata tamaa. Tumbawe lililopauka bado lina nyama. Limulike kwa tochi kwa upande, hasa usiku, utaona utando mwembamba unaong'aa na pengine minyiri imetoka. Hilo ni hai, lina njaa tu. Punguza mwanga, lipe chakula kidogo cha plankton, yaani viumbe wadogo mno wa majini, mara moja au mbili kwa wiki, usubiri. Lakini mifupa mitupu, mikavu, isiyo na utando, hiyo imekufa. Nyama ikiwa inabanduka kutoka chini kwenda juu kwa saa chache, usingoje kesho: kata sehemu iliyo nzima, uibandike kwingine. Na ukiona ute wa kahawia kama uji mzito, unyonye kwa mpira na uutoe nje, usiupulize, maana huambukiza majirani.

Bahari yetu ilituonyesha kupauka huko mwaka 1998, wakati wa El Niño, ambapo matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yaligeuka meupe na kufa. Tangi dogo hupata joto haraka kuliko bahari. Mwishoni mwa kaskazi, Februari na Machi, chumba kisicho na kipoza hewa hapa Mombasa huweza kulipeleka tangi zaidi ya nyuzi 30, ilhali unataka liwe kati ya 25 na 27. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili hivi, lakini maji hukauka upesi na chumvi ikabaki. Kwa hiyo maji ya kujazia yawe yasiyo na chumvi, yaliyochujwa kwa mashine ya osmosisi inayoondoa chumvi na madini, si ya kisima, ambayo huku kwetu mengi yana chumvi na madini. Chumvi ibaki karibu gramu 35 kwa lita. Kalsiamu iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na kaboneti isipande na kushuka. Kwa dKH, kipimo cha kaboneti, afadhali 8 kila siku kuliko 7 leo na 10 kesho. Stima ikipotea, kinachoua kwanza ni pampu kusimama, basi nunua pampu ndogo ya betri kabla ya kununua tumbawe la pili.

Wanaochota maji ya bahari, wachote maji yakijaa, mbali na midomo ya hori, na si baada ya mvua za masika, ambapo matope na uchafu wa mji hushuka baharini. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa (Marine National Park) hairuhusiwi kuchukua chochote kilicho hai, wala jiwe. Matumbawe magumu yako katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo yakivuka mpaka yanahitaji vibali. Muulize muuzaji karatasi, na kama anayo yaliyokuzwa matangini, yachukue hayo.

Likifa, au ukilichoka, usilitupe baharini. Huenda limetoka Indonesia au Australia na limebeba wadudu ambao miamba yetu haijawahi kuwaona. Maji ya mfuko nayo yatie dawa ya klorini, kisha uyamwage chooni, kwa sababu mitaro ya kisiwa hiki huishia baharini.