Fedha za Tabianchi Hufikaje Kwenye Kata?

Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya tabianchi uliofanyika Baku, Azerbaijan, Novemba 2024, ulihitimishwa kwa makubaliano kwamba nchi tajiri zitaongoza juhudi za kuzipatia nchi zinazoendelea dola za Marekani bilioni 300 kila mwaka ifikapo mwaka 2035. Uliweka pia lengo pana zaidi la dola trilioni 1.3 kwa mwaka kutoka vyanzo vyote, vya umma na vya binafsi. Viwango hivyo vilitangazwa redioni na magazetini kama habari ya siku moja, kisha vikapita. Mfugaji wa Longido, Tanzania, au mkulima wa Makueni, Kenya, aliyevisikia hakuambiwa mambo mawili yanayomhusu zaidi: fedha hizo ni za aina gani, na zinapita wapi kabla hazijamfikia. Makala hii inaeleza hayo mawili, kwa sababu kwa uzoefu wetu sisi tunaosaidia halmashauri kuandaa maandiko ya miradi, ndiyo yanayoamua kama kijiji kitapata maji au kitapata semina.

Chimbuko la wajibu huu ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi wa mwaka 1992, uliotambua kwamba nchi zote zinawajibika kulinda hali ya hewa ya dunia lakini si kwa uzito sawa, kwa kuwa sehemu kubwa ya gesijoto zilizolundikana angani ilitoka kwenye viwanda vya nchi chache. Mwaka 2009, mjini Copenhagen, nchi hizo ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Mwaka huo ulipofika, hesabu za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri, ambalo ndilo linalojumlisha takwimu hizi kwa niaba ya wachangiaji, zilionyesha dola bilioni 83.3. Lengo lilivukwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, kwa dola bilioni 115.9, yaani miaka miwili baada ya tarehe iliyoahidiwa.

Ndani ya hizo bilioni 115.9 ndimo lilimo jambo ambalo wananchi wengi hawalijui. Katika sehemu iliyotolewa na serikali na mabenki ya maendeleo, takriban asilimia 69 ilikuwa mikopo na asilimia 28 tu ndiyo iliyokuwa ruzuku, yaani fedha zisizorejeshwa. Mkopo wa tabianchi, hata uwe wa masharti nafuu, unaingia kwenye deni la taifa na unalipwa kwa fedha za kigeni. Chukua mkopo wa dola milioni 10 uliosainiwa Nairobi katikati ya mwaka 2021, wakati dola moja ilikuwa karibu shilingi 110 za Kenya. Siku hiyo mkopo ulikuwa na thamani ya shilingi bilioni 1.1. Januari 2024 dola ilipofika karibu shilingi 160, deni lilelile likawa shilingi bilioni 1.6, bila mradi kuongezewa hata mfuko mmoja wa saruji. Shilingi ilipata nafuu baadaye, lakini Hazina haiwezi kupanga bajeti kwa kutumaini nafuu.

Isieleweke kwamba mikopo yote ni mibaya. Kituo cha umeme wa jotoardhi kama vile vya Olkaria huuza umeme, na mauzo hayo yanaweza kulipa deni lililokijenga. Tatizo ni pale mkopo unapotumika kwa kitu kisichouza chochote. Ukuta wa kuzuia bahari isile ufukwe, kituo cha kupima mvua, au kingo za korongo zilizopandwa miti huokoa mali na maisha ya watu, lakini hakuna hata kimoja kinachoingiza shilingi ya kulipa marejesho. Kwa maoni yangu, kumkopesha aliyeathirika fedha za kujikinga na madhara ambayo hakuyasababisha ni kinyume cha msingi wenyewe wa mkataba wa 1992, na wapatanishi wa Afrika wana haki ya kulirudia jambo hili hata pale linapowachosha wenzao wa upande wa pili wa meza.

Tofauti hiyo ya miradi inayojilipa na isiyojilipa inaeleza pia kwa nini fedha nyingi huelekezwa kwenye kupunguza gesijoto, na kidogo kwenye kuhimili athari ambazo tayari zipo. Mwaka 2022 shughuli za kuhimili zilipata dola bilioni 32.4 katika hesabu hizo za OECD. Wakati huohuo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa nchi zinazoendelea zinahitaji kati ya dola bilioni 215 na 387 kila mwaka katika muongo huu kwa ajili ya kuhimili peke yake.

Ipo pia hoja ya nini kinahesabiwa. Hakuna mkaguzi mmoja anayeamua kwamba mradi huu ni wa tabianchi na ule sio. Kila nchi inayotoa hujihesabia yenyewe. Mwaka 2014 ilibainika kuwa Japani ilikuwa imejumuisha katika hesabu zake mikopo ya kujenga mitambo ya umeme wa makaa ya mawe nchini Indonesia, kwa maelezo kwamba mitambo hiyo mipya inachafua hewa kidogo kuliko ya zamani. Oxfam, taasisi ya kimataifa ya misaada ambayo huondoa sehemu ya mikopo itakayorejeshwa pamoja na miradi ambayo tabianchi imetajwa pembeni tu, ilikadiria kwamba thamani halisi ya fedha za mwaka 2022 haikuzidi dola bilioni 35. Unaweza kubishana na kanuni waliyotumia, lakini pengo kati ya 35 na 115.9 ni kubwa mno kuwa kosa la kujumlisha.

Wahenga walisema ahadi ni deni, ila ahadi hizi hazina baraza la kuzidai. Marekani iliahidi dola bilioni 3 kwa Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, mfuko wa kimataifa unaogharimia miradi ya tabianchi katika nchi zinazoendelea, mwaka 2014. Serikali ya Obama ililipa bilioni 1 kabla ya kuondoka madarakani Januari 2017, serikali iliyofuata ikasimamisha malipo, na mfuko ukabaki kupanga kazi zake kwa fedha ambazo hazikuja. Kwa hiyo msomaji anapokutana na maneno "imeahidi", "imeidhinisha" na "imelipa" katika habari moja, asiyachukulie kuwa ni kitu kimoja. Kati ya la kwanza na la tatu inaweza kupita miaka mingi.

Mfuko huo wa Kijani, unaojulikana kwa kifupi kama GCF, uliasisiwa mwaka 2010 na makao yake yako Songdo, Korea Kusini. Haumpi fedha mtu au halmashauri moja kwa moja. Fedha hupitia taasisi iliyopewa ithibati, yaani taasisi ambayo mfuko umeichunguza hesabu zake, taratibu zake za manunuzi, kinga zake dhidi ya rushwa na uwezo wake wa kulinda mazingira na haki za watu. Ithibati yenyewe ina madaraja kwa ukubwa wa mradi. Daraja dogo kabisa huishia dola milioni 10. Uchunguzi huu unaweza kuchukua miaka, na ndiyo maana kwa muda mrefu miradi mikubwa ya Afrika imekuwa ikipitia mashirika ya Umoja wa Mataifa na mabenki ya nje. Baada ya hapo inahitajika barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka kwa mamlaka iliyoteuliwa na nchi, ambayo kwa Kenya imekuwa Hazina ya Taifa na kwa Tanzania Ofisi ya Makamu wa Rais.

Halafu linakuja andiko la mradi, na hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Mfuko hauridhiki na maelezo kwamba kata ina ukame. Unataka uthibitisho kwamba ukame huo unatokana na mabadiliko ya tabianchi, si umaskini wa kawaida tu. Uthibitisho huo hudai kumbukumbu za mvua na joto, na kipindi ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani hukitumia kueleza tabianchi ya mahali ni miaka 30. Ukienda wilayani unakuta daftari la kipimamvua cha shule au misheni lenye miaka kumi iliyokamilika, kisha kurasa tupu kwa sababu aliyekuwa akijaza alihamishwa, kisha miaka mingine michache. Wataalamu huziba mapengo hayo kwa takwimu za setilaiti, lakini kazi hiyo ina gharama, na gharama hiyo hulipwa kabla fedha yoyote haijaingia. Matokeo yake ni kwamba eneo lenye shida kubwa na kumbukumbu duni hushindwa na eneo lenye shida ndogo na kumbukumbu nzuri.

Mradi wa maji wa mkoa wa Simiyu, Tanzania, unaonyesha urefu wa njia hii. GCF iliidhinisha zaidi ya yuro milioni 100 mwezi Aprili 2017, kupitia benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, ili maji ya Ziwa Victoria yafike katika wilaya za Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Fedha zilishaidhinishwa, lakini ujenzi mkubwa ulisubiri hadi miaka ya 2020, baada ya mikataba, usanifu na zabuni. Njia ya pili ni ile ya taasisi za ndani: mwaka 2019 Benki ya CRDB ya Tanzania ilipata ithibati ya GCF, na mwaka 2021 mfuko ukaidhinisha mpango wake wa dola milioni 200 wa teknolojia za kilimo, nusu ya fedha ikitoka GCF na nusu kwa benki yenyewe. Hiyo ni hatua kubwa kwa sababu maamuzi yanafanyika karibu na mkulima. Hata hivyo benki ni benki, na mpango huo kwa sehemu kubwa humfikia mkulima kama mkopo.

Njia fupi kuliko zote niliyowahi kuichunguza ilianzia kaskazini mwa Kenya. Kaunti ya Isiolo ilijaribu mfuko wa tabianchi wa kaunti mwanzoni mwa muongo wa 2010, na baadaye Makueni, Kitui, Garissa na Wajir zikafuata. Makueni ilipitisha kanuni zake mwaka 2015. Kaunti hutenga kati ya asilimia 1 na 2 ya bajeti yake ya maendeleo, na wahisani huongeza juu yake. Asilimia 70 ya fedha za uwekezaji hutengwa kwa mapendekezo ya kamati za wadi, ambazo wajumbe wake huchaguliwa na wananchi. Kule Isiolo baadhi ya fedha za mwanzo zilikwenda kuimarisha dedha, mabaraza ya wazee wa Kiborana yanayoamua mifugo ilishe wapi wakati wa masika na wapi ihifadhiwe malisho ya kiangazi. Mtaalamu wa mjini asingeliandika hilo katika andiko lake, kwa sababu si kitu cha kuzindua kwa kukata utepe.

Ukambani, yaani upande wa Makueni na Kitui, wananchi huomba mara nyingi bwawa la mchanga. Ukuta wa zege au mawe hujengwa kukatiza mto wa msimu, penye mwamba wa kuushikilia. Mvua zikinyesha, mto huleta mchanga unaojaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki katikati ya chembe za mchanga huo, ambako jua haliwezi kuyakausha upesi na mbu hawana pa kutagia. Kiangazi watu huteka kwa kisima kilichochimbwa kando au kwa bomba lililopitishwa chini ya ukuta. Ujenzi unahitaji mawe na nguvu kazi, na wanakijiji huchangia vyote viwili. Kinachohitaji fedha ni saruji, nondo na fundi anayejua kuuchagua mwamba. Mradi wa namna hii ni mdogo mno kupita Songdo peke yake, na hapo ndipo mfuko wa kaunti unapofaa, kwa sababu unaweza kugharimia mingi ya aina hiyo kwa pamoja.

Kenya sasa imeupanua utaratibu huo nchi nzima kupitia mpango unaojulikana kama FLLoCA. Fedha zake kubwa ni mkopo wa dola milioni 150 wa Benki ya Dunia, ulioidhinishwa Oktoba 2021, pamoja na michango ya Ujerumani, Sweden na Denmark. Kwa maneno mengine, hata njia hii nzuri imejengwa juu ya deni. Tanzania ilijaribu utaratibu unaofanana katika wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro.

Kuhusu hasara na uharibifu, yaani madhara ambayo hayakuweza kukingwa, mfuko maalumu ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, na ahadi za mwanzo huko Dubai mwaka uliofuata zilikuwa takriban dola milioni 700. Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba mvua na mafuriko yalikuwa yameua watu 155 nchini Tanzania, na mwezi uliofuata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga. Wakati huo mfuko ulikuwa haujatoa hata senti moja kwa nchi yoyote.

Mwananchi anayetaka kufuatilia anaweza kuanzia karibu. Kwa Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi iliyo wazi ndiyo mahali pa kuuliza kama mradi uliotajwa kuwa wa tabianchi ni ruzuku au mkopo, umepitia taasisi gani, na nani atanunua vipuri pampu ikiharibika baada ya wafadhili kuondoka. Kwa miradi ya GCF, nyaraka za kila mradi ulioidhinishwa, pamoja na bajeti yake, huwekwa wazi kwenye tovuti ya mfuko. Upo pia utaratibu huru wa malalamiko ndani ya mfuko huo kwa mtu au kikundi kilichoathiriwa na mradi. Hautozi ada, hauhitaji wakili, na mlalamikaji anaweza kuomba jina lake lifichwe.