Saa tano za kufuta nyayo: kesi ya nyambizi U-852

Kila nikifundisha sheria za vita vya baharini, hapakosi mwanafunzi wa kumtetea Kapteni Heinz-Wilhelm Eck, kamanda wa nyambizi ya Kijerumani U-852, ambaye katika Vita vya Pili vya Dunia aliamuru vyelezo vya manusura wa meli aliyoizamisha vipigwe kwa rashasha. Simkatizi. Hoja ya Eck, kwamba alitaka tu kufuta mabaki ya meli ili ndege zisimkute, mahakama yenyewe iliisikiliza kwa siku nne. Nami naipenda kesi hii kwa sababu hoja hiyo, hata ukiweka huruma kando, inaangushwa na hesabu ya shule ya msingi.

Tuanze na chombo chenyewe. U-852 iliundwa Bremen, ikaingia jeshini Juni 1943. Ilikuwa ya aina ya IXD2, nyambizi ndefu ya mita 87 na ushei, iliyoweza kusafiri zaidi ya maili za baharini 23,000 bila kuongeza mafuta. Iliondoka Kiel tarehe 18 Januari 1944 kuelekea Bahari ya Hindi, kujiunga na kundi ambalo Wajerumani waliliita Monsun. (Neno hilo lina asili moja na msimu wetu: yote mawili yametoka kwenye mawsim ya Kiarabu, na mabaharia ndio waliolisambaza.)

Ukubwa huo ulikuwa na bei yake. Nyambizi kubwa huchelewa kuzama, na ndege ikichomoza mawinguni huna hata dakika moja ya kupoteza. Kati ya Novemba 1943 na Februari 1944, nyambizi tatu za aina hiyohiyo, U-848, U-849 na U-177, zilizamishwa na ndege za Marekani zilizokuwa zikiruka kutoka kisiwa cha Ascension, katikati ya Atlantiki. Kabla ya safari Eck alikuwa ameonywa na Adalbert Schnee, kamanda mzoefu, kwamba mabaki ya meli yanayoelea humwonyesha rubani mahali pa kuanzia msako. Huo ndio woga aliokwenda nao baharini, na haukuwa woga wa kijinga.

Tarehe 13 Machi 1944, kaskazini ya Ascension, aliiona Peleus, meli ya mizigo ya Kigiriki iliyotoka Freetown kwenda Amerika Kusini ikiwa tupu. Torpedo mbili ziliimaliza mnamo saa 2 usiku. Baadhi ya mabaharia wake waliokoka wakashika vyelezo na vipande vya mbao. Nyambizi ikawasogelea, afisa mmoja wa Peleus akahojiwa kuhusu meli na safari yake, kisha akarudishwa kwenye chelezo chake. Baada ya hapo Eck akaamuru vyelezo vipigwe kwa rashasha. Maguruneti nayo yakarushwa. Nyambizi ilizungukazunguka pale gizani hadi kama saa 7 usiku.

Utetezi wake ulikuwa huu: sikuwalenga watu, nilitaka kuzamisha mabaki ili ndege isitukute. Haya, tupige hesabu. Juu ya maji U-852 ilikimbia maili za baharini 19 kwa saa. Tuseme 18, tusimwonee. Saa tano mara 18 ni maili 90. Ukiongeza na saa zilizobaki kabla ya mapambazuko, mtu aliyeogopa ndege angekuwa mbali sana na pale jua linapochomoza. Yeye alikaa palepale. Na vyelezo? Vilitobolewa matundu, vikaendelea kuelea. Mbao zilikuwa zimetapakaa kote, na mafuta ya meli iliyozama huacha doa ambalo hakuna rashasha inayoweza kulifuta. Kama kweli shabaha ilikuwa mabaki, basi ilikuwa kazi bure, na kamanda yeyote alipaswa kuligundua hilo mapema, si saa tano baadaye.

Wanaume watatu walikaa baharini siku zaidi ya thelathini kabla ya kuokolewa na meli ya Kireno, Alexandre Silva. Mmoja wao alikuwa Antonios Liossis, afisa wa kwanza wa Peleus.

U-852 iliendelea na safari. Aprili mosi iliizamisha Dahomian karibu na Cape Town, kisha ikapanda kaskazini. Mei 2, pwani ya Somalia, ndege za Wellington kutoka Aden ziliikuta juu ya maji. Ilijaribu kuzama, ikashindwa kukaa chini kwa jinsi ilivyoharibika, ikapigana na ndege, na kesho yake Eck akaipandisha ufukweni Bandarbeyla, kusini ya Ras Hafun. Wafanyakazi wake waliilipua, lakini si vya kutosha: shajara ya vita iliangukia mikononi mwa Waingereza, ikionyesha nyambizi ilikuwa wapi tarehe 13 Machi.

Kesi ilisikilizwa Hamburg, tarehe 17 hadi 20 Oktoba 1945, mbele ya mahakama ya kijeshi ya Uingereza iliyokuwa na maafisa Wagiriki pia. Eck, nampa haki yake, hakujificha nyuma ya amri ya Admirali Dönitz, mkuu wa jeshi la majini la Ujerumani, ya kutowaokoa manusura. Alisema uamuzi ulikuwa wake. Wenzake wanne ndio waliosema walitii tu. Mahakama ilishakuwa na jibu la tangu 1921, pale Leipzig, katika kesi ya meli ya hospitali Llandovery Castle: amri ambayo yeyote anaiona kuwa ni uhalifu haimkingi aliyeitekeleza. Eck, Luteni August Hoffmann na daktari Walter Weisspfennig, ambaye kwa kazi yake hakupaswa kushiriki katika mashambulizi, walipigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945. Wolfgang Schwender alifungwa miaka 15.

Nimemwacha makusudi Hans Lenz, mhandisi wa nyambizi, kwa kuwa ndiye anayenisumbua zaidi. Amri ilipotoka, alimwendea Eck akamwambia haikubali. Baadaye alipanda juu, akamkuta Schwender anajiandaa kufyatua. Akamnyang'anya rashasha, akafyatua mwenyewe. Mahakamani alieleza kwamba kwa maoni yake Schwender alikuwa askari hovyo, asiyestahili kutekeleza amri ya namna ile. Alipewa kifungo cha maisha.