Dhana Potofu Kuhusu Historia na Mila za Shule Kongwe za Upili za Umma Nchini Kenya

Shule kongwe za upili nchini Kenya zina historia inayosimuliwa sana na kuchunguzwa kidogo. Walimu, wazazi na wanafunzi wa zamani hurithishana masimulizi kuhusu nani alizijenga, kwa nini mila zake ziko jinsi zilivyo, na lipi lisiloruhusiwa kuguswa kwa sababu eti limekuwepo tangu jadi. Mengine hayana madhara. Mengine yamewaumiza watoto, na mengine yamewanyima heshima watu waliotoa jasho lao ili shule hizo zisimame. Kwa sababu hiyo yanastahili kupimwa kwa makini.

Dhana: Shule kongwe za umma zilijengwa na serikali

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayoficha mengi zaidi. Shule ya Maseno ilianzishwa mwaka 1906 na wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society. Mang'u ilianzia Kabaa mwaka 1925 mikononi mwa Mapadri wa Roho Mtakatifu kabla ya kuhamia karibu na Thika. Alliance ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1926 na muungano wa madhehebu ya Kiprotestanti, na jina lake linatokana na muungano huohuo. Serikali ya kikoloni ilichangia ruzuku na kusimamia mitaala, lakini hakuna hata moja kati ya shule hizi tatu iliyoanzishwa nayo.

Hata pale serikali ilipofungua shule zake yenyewe kwa ajili ya Waafrika, msukumo mara nyingi ulitoka kwa wenyeji. Baada ya kuundwa kwa Mabaraza ya Wenyeji, yaani mabaraza ya Waafrika ya kila wilaya chini ya utawala wa kikoloni, mwaka 1924, jamii kadhaa zilikubali kujitoza kodi ya ziada zikitaka shule zisizo chini ya misheni. Shule ya Kakamega na ile ya Kagumo kule Nyeri, zilizofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, zina mizizi katika madai na michango ya aina hiyo. Mkulima ambaye hakujua kusoma alitoa fedha zake ili mtoto wa jirani asome, kisha jina la serikali ndilo lililoandikwa langoni.

Kulikuwa pia na njia ya tatu, ambayo haitajwi sana kwa sababu serikali iliifunga. Baada ya mgogoro wa mwaka 1929 kati ya misheni na waumini wa Kikuyu kuhusu tohara ya wasichana, vyama vya shule huru vilianza kuendesha shule zao wenyewe, na mwaka 1939 Mbiyu Koinange alifungua chuo cha walimu Githunguri ili shule hizo zipate walimu. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, chuo hicho kilifungwa pamoja na shule nyingi za vyama hivyo.

Baada ya uhuru ndipo wananchi walipojenga kwa wingi zaidi. Wito wa Harambee wa Jomo Kenyatta ulizaa mamia ya shule za upili zilizojengwa kwa michango ya vijiji, na kufikia miaka ya 1970 idadi yake ilikuwa imezipita shule zilizogharimiwa na serikali. Nyingi hazikuwa na maabara wala walimu waliohitimu, na matokeo ya mitihani yalionyesha upungufu huo, jambo lililowafanya watu wazidharau. Dharau hiyo haikuwa ya haki. Mwishoni mwa miaka ya 1980 tofauti kati ya shule za serikali na za harambee iliondolewa rasmi, zote zikawa shule za umma, na ndiyo maana leo sehemu kubwa ya shule tunazoziita "za serikali" ni shule ambazo wazazi na babu zetu walizijenga kwa kuuza kuku, kahawa na ng'ombe.

Dhana: Kanisa lililoanzisha shule ndilo linaloimiliki

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtambua mfadhili, yaani kanisa au shirika linaloihusu shule hiyo, na kumpa nafasi yake, ambayo ni kuwa na wawakilishi katika bodi ya usimamizi, kushauri kuhusu malezi ya kiroho, na kusaidia kwa fedha au majengo. Sheria hiyohiyo inamtaka alinde imani ya wanafunzi wa dini na madhehebu mengine. Hakuna mahali inapomfanya mmiliki wa shule ya umma.

Dhana: Shule za kitaifa zimekuwa tangu mwanzo za wanafunzi bora kutoka kila pembe ya nchi

Katika Kenya ya kikoloni, kilichoamua mtoto aingie wapi kwanza ilikuwa rangi yake. Prince of Wales School, iliyofunguliwa mwaka 1931, na Duke of York School, iliyofunguliwa mwaka 1949, zilikuwa za wavulana wa Kizungu, na leo tunazijua kama Nairobi School na Lenana School. Watoto wa Kihindi walikuwa na shule zao, Waafrika zao, na serikali ilitumia kwa kila mtoto wa Kizungu fedha nyingi mno kuliko ilizotumia kwa mtoto wa Kiafrika. Milango ilianza kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tume ya elimu iliyoongozwa na Simeon Ominde, iliyoundwa mara tu baada ya uhuru, ndiyo iliyoweka msingi wa mfumo mmoja wa elimu kwa watoto wote.

Wasichana walisubiri zaidi. Shule ya upili ya wasichana wa Kiafrika pale Kikuyu, ambayo sasa ni Alliance Girls, ilifunguliwa mwaka 1948, miaka 22 baada ya ile ya wavulana. Anayesimulia fahari ya shule hizi bila kutaja pengo hilo anasimulia nusu ya habari.

Dhana: Kumtesa mgeni na kumtii kiranja ni mila ya shule inayomkomaza mtoto

Viranja wenye mamlaka juu ya wenzao na mabweni yanayoshindana ni mambo yaliyoletwa na walimu waliosomea shule za bweni za Uingereza. Huko ndiko Thomas Arnold, aliyeanza kuongoza shule ya Rugby mwaka 1828, alikoutilia nguvu utaratibu wa kuwatumia wanafunzi wakubwa kuwasimamia wadogo. Ulipofika hapa, utaratibu huo ulichanganyika na tabia ya kumdhalilisha mwanafunzi wa kidato cha kwanza, yule aitwaye "mono", kwa kumfulisha nguo za wengine, kumpokonya chakula na kumpiga usiku.

Siwezi kuiita hali hiyo mila. Ingalikuwa mila ya kweli, isingefanywa taa zikizimwa na mwalimu akiwa hayupo. Sheria ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa kimwili na kiakili, na anayevunja katazo hilo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Kuhusu viranja, utaratibu wa wanafunzi kuwachagua viongozi wao wenyewe ulienezwa tangu baraza la kitaifa la wanafunzi wa shule za upili lilipoundwa mwaka 2009. Haja ya mabadiliko hayo ilikwishaonekana kwa uchungu katika Shule ya Upili ya Nyeri mwaka 1999, ambapo viranja wanne walifariki baada ya wanafunzi wenzao kuchoma chumba walimolala. Mamlaka yanayompa kijana mmoja uwezo wa kumwadhibu mwenzake humhatarisha hata yeye anayeyashika.

Dhana: Migomo ilianza kiboko kilipopigwa marufuku

Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na tangu wakati huo kila mgomo unapozuka hutajwa kuwa ushahidi kwamba kirudishwe. Tarehe zinasema vingine. Mwaka 1908, miaka miwili tu baada ya Maseno kuanzishwa, wanafunzi wake waligoma kwa sababu walifanyishwa kazi nyingi za mikono huku wakitaka wafundishwe masomo zaidi. Msiba wa shule ya St. Kizito kule Meru, ambapo wasichana 19 walipoteza maisha, ulitokea mwaka 1991, na moto wa shule ya wasichana ya Bombolulu katika Pwani uliwaua wasichana 26 mwaka 1998. Yote hayo yalitokea kiboko kikiwa mezani kwa mwalimu. Asiyetaka kuzisoma tarehe hizi ataendelea kuwatafutia watoto fimbo badala ya kuwasikiliza, kuondoa vyuma kwenye madirisha ya mabweni na kuhakikisha milango inafunguka kuelekea nje.

Dhana: Kaulimbiu za shule zote ni za Kilatini au Kiingereza

Baadhi ni hivyo. Lakini Mang'u ina "Jishinde Ushinde", na Starehe, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1959 kwa ajili ya wavulana maskini, ina "Natulenge Juu". Zote mbili ni Kiswahili safi.

Dhana: Shule ya upili imekuwa ya miaka minne siku zote

Hadi mwaka 1989 mwanafunzi aliyefaulu kidato cha nne aliendelea na kidato cha tano na cha sita, na maisha ya shule kongwe yalizungukia wakubwa hao wa kidato cha sita. Mwaka huo wa 1989 ndio uliofanyika mtihani wa kwanza wa KCSE, ule wa kumaliza kidato cha nne, chini ya mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya upili na minne ya chuo kikuu), na ndio uliowaaga watahiniwa wa mwisho wa kidato cha sita. Kuanzia Januari 2026 shule hizi zimeanza kupokea wanafunzi wa gredi ya 10 katika shule ya sekondari ya juu ya miaka mitatu, yenye njia tatu za masomo.

Dhana: Historia ya shule za kawaida imekwisha kupotea

Shule isiyo na rais wala waziri miongoni mwa wanafunzi wake wa zamani hudhani haina la kuandika. Kumbukumbu za Mabaraza ya Wenyeji zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka jijini Nairobi, na ndani yake mna mijadala ya wazee kuhusu ardhi ya shule na kodi ya kuijengea. Katika ofisi nyingi za walimu wakuu bado kuna vitabu vya matukio vya miaka ya nyuma, vikiliwa na mchwa kabatini. Na kwa shule za harambee ushahidi ulio bora zaidi ungali hai, yaani wanawake kwa wanaume waliobeba mawe na mchanga katika miaka ya 1960 na 1970, ambao sasa ni wazee sana, na ambao shule nyingi hazijawahi kuwaita siku ya wazazi wakaulizwa walitoa nini.