"Haijagawanyika" si "haigawanyiki"

Msimu wa korosho ukianza, watoto wa tuisheni hapa Chikongola huja na mifuko imetuna. Sikatazi, maana korosho hupangika safu vizuri. Juzi nilimpa mmoja wa darasa la saba namba 1003. Akajaribu 2, 3, 5, 7, 11 na 13, akaweka kalamu chini: "Mwalimu, hii tasa," yaani haina kigawo ila 1 na yenyewe. Kauli hiyo nimeisikia mwaka huu hadi masikio yamechoka. Baba yake alipokuja kumchukua naye akaiunga mkono: namba kubwa, inaishia na 3, haigawanyiki.

Haijagawanyika, mzee wangu. Haigawanyiki ni jambo jingine. Aliyekuwa akisubiri zamu ni 17, na 17 mara 59 ni 1003. Panga korosho safu 17 za 59 uone kama itabaki hata moja. Kuishia na 3 kunakuambia tu kwamba 2 na 5 haziingii, basi. Sasa unakoma wapi? Kwenye kipeuo cha pili, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata 1003; hapa ni 31 na ushei. Vigawo viwili vikizidi 31 vyote, zao lao litapita 1003. Kwa hiyo kimoja lazima kiwe chini. Maliza tasa zote hadi 31 ukikosa, hapo nitakupa mkono.

Hata wakubwa waliteleza. Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kwamba 4294967297, yaani 2 kipeo cha 32 jumlisha 1, ni tasa. Kipeuo chake cha pili ni 65536 na ushei, na chini ya hapo kuna tasa 6542 za kujaribu. Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler akaonyesha kuwa 641 inaingia, mara 6700417. Tena alithibitisha kuwa kila kigawo tasa cha namba hiyo ni kigawe cha 64 kilichoongezwa 1. Tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Majaribio matano! (Vikokotoo vya tarakimu nane msiniletee, namba hii ina kumi, haitaingia.)

Mengine nayapitia haraka. Si kila witiri ni tasa: 9 ipo. Kujumlisha tarakimu kunafaa kupima kama 3 au 9 inaingia, si 7. Jumla ya tarakimu za 25 ni 7, na 25 kwa 7 haigawanyiki. Ukubwa hauongezi vigawo: 60 ina 12, ilhali 2147483647 ina viwili tu. Na 1 ina kigawo kimoja, kwa hiyo si tasa. Hili nalisema tangu Januari.

Yule mtoto nilimpa 2021 aende nayo nyumbani. Jana usiku baba yake kanipigia: wameshafika 41, anauliza kama waache.