Deni la Mwenye Nyumba Halikupangii Bei ya Ofa

Swali hili, kuhusu kununua nyumba ambayo benki imeitwaa kwa mkopaji aliyeshindwa kulipa na sasa inaiuza, limeletwa kwangu tena, na safari hii nimeona bora nilijibu kwa maandishi: "Benki inamdai yule bwana paundi 150,000 tu. Nikipeleka ofa ya 150,000, benki itakuwa imerudisha fedha zake, sasa itakataa kwa sababu gani?" Anayeuliza huwa ameshapiga hesabu, ameshawaambia wa nyumbani, na mara nyingi ameshamkasirikia dalali aliyemwambia kwamba ofa hiyo haitapita. Dalali yuko sahihi. Mimi ni mwanasheria wa mauziano ya nyumba, na ninayoyaandika yanahusu England na Wales. Scotland ina sheria zake za ardhi na mambo mengi huko huenda kwa njia nyingine.

Benki inapoitwaa nyumba haigeuki kuwa mwenye nyumba. Inauza kwa mamlaka inayoyapata katika hati ya rehani na katika Sheria ya Mali ya mwaka 1925, na fedha za mauzo zina mpangilio uliowekwa na kifungu cha 105 cha sheria hiyo: kwanza hulipwa gharama za kuuza, kisha deni pamoja na riba, na kinachobaki ni cha mkopeshaji wa pili kama yupo, la sivyo humrudia mkopaji aliyetolewa ndani. Chukua nyumba ambayo sokoni ingepata paundi 240,000, na deni lake ni 150,000. Benki ikikubali ofa yako ya 150,000, yenyewe karibu haijapoteza kitu. Aliyepoteza paundi 90,000 ni familia ambayo imekwisha kupoteza makazi. Unaposema "benki haina hasara" unasema kweli, lakini umeisahau familia hiyo, na sheria haikuisahau.

Mwaka 1971 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya Cuckmere Brick dhidi ya Mutual Finance. Mkopeshaji alikuwa amekinadi kiwanja chenye kibali cha kujenga nyumba za ghorofa za makazi, lakini tangazo la mnada halikukitaja kibali hicho. Mahakama ilisema kwamba anayeuza mali ya rehani ana wajibu wa kuwa mwangalifu ili apate bei halisi ya soko, na mkopeshaji yule akawajibishwa. Kanuni za FCA, msimamizi wa sekta ya fedha, nazo zinadai kwamba nyumba ya makazi iliyotwaliwa itangazwe sokoni mapema iwezekanavyo na iuzwe kwa bei bora inayoweza kupatikana kwa hali ya soko ilivyo. Wakati huohuo benki hailazimiki kungoja bei ipande wala kuikarabati nyumba kabla ya kuiuza, jambo ambalo Mahakama ya Rufaa ililiweka wazi mwaka 2003 katika kesi ya Silven. Nafuu yoyote utakayoipata inatokana na hapo: unanunua nyumba kama ilivyo, kwa bei ya leo, kutoka kwa muuzaji asiyetaka kungoja. Haitokani na deni.

Na deni lenyewe wengi hulibahatisha. Daftari la ardhi linaonyesha kwamba kuna rehani, mkopeshaji ni nani na ilisajiliwa lini. Kwa nyumba zilizouzwa tangu Aprili 2000 kwa kawaida linaonyesha pia bei iliyolipwa. Halionyeshi deni lililobaki. Halafu mara nyingine deni limeizidi thamani ya nyumba, na hapo anayetoa ofa "ya kiasi cha deni" anajipandishia bei bila kulazimishwa na mtu.

Ofa yako humfikia afisa, mara nyingi wa kampuni iliyopewa kazi ya kusimamia mali za benki, ambaye mbele yake kuna jalada lenye makadirio ya bei kutoka kwa mthamini na kwa madalali. Anajua kwamba sababu yoyote atakayoiandika ya kukubali bei inaweza siku moja kusomwa na wakili wa mkopaji. Ukileta ofa iliyo chini ya makadirio, ipe sababu anayoweza kuiweka ndani ya jalada: ripoti ya mkaguzi kuhusu ufa wa ukuta, makisio ya fundi wa paa, nyumba za mtaa huohuo zilizouzwa karibuni na bei zake. Habari kwamba mkopaji alidaiwa kidogo haimsaidii hata chembe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wateja huniletea wakiwa wamefura kwa hasira. Ofa imekubaliwa, mnunuzi anashangilia, kisha anakuta tangazo katika gazeti la eneo hilo au katika tovuti ya dalali. Ni mistari michache tu: anwani ya nyumba, halafu "tumepokea ofa ya paundi 212,500, yeyote anayetaka kutoa ofa ya juu zaidi afanye hivyo kabla ya mikataba kubadilishwa," yaani kabla ya muuzaji na mnunuzi kupeana mikataba iliyotiwa saini. Simu inayofuata ni yangu. Dalali amevujisha siri, dalali ameigeuza ofa yangu chambo, dalali anatafuta kamisheni kubwa zaidi. Naomba tumwache dalali. Akipata mnunuzi wa paundi 3,000 zaidi, nyongeza inayoingia katika kamisheni yake ni ndogo mno, ilhali kazi ya kuanza upya ni kubwa. Tangazo ni la benki. Ni desturi ya wakopeshaji, ingawa si wote wanaoifuata, na kazi yake ni kuwa ushahidi: mkopaji akilalamika kwamba nyumba yake iligawiwa kwa bei ya bure, benki itatoa nakala ya tangazo na kuonyesha kwamba kila mtu alipewa nafasi ya kuongeza. Wajibu uleule unaoikataza benki kukuuzia kwa kiasi cha deni ndio unaoilazimu kuendelea kusikiliza ofa nyingine baada ya kuikubali yako.

Tena "kukubaliwa" hapa kuna uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Mali (Masharti Mbalimbali) ya mwaka 1989, kifungu cha 2, inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, uwe na masharti yote na utiwe saini na pande zote mbili. Mpaka siku ya kubadilishana mikataba, si wewe wala benki aliyefungwa. Muuzaji wa kawaida anaweza kuona haya kukugeuka kwa sababu ya paundi elfu mbili. Benki haina nafasi ya kuona haya, kwa kuwa fedha inayoikataa ni ya mtu mwingine. Hata hivyo ofa kubwa zaidi si lazima iwe bora zaidi, na hapa ndipo mnunuzi makini hushinda. Afisa anapima pia uhakika. Mtu anayeongeza kidogo lakini lazima kwanza auze nyumba yake anaweza kuachwa kwa ajili yako, ikiwa fedha zako zipo na mwanasheria wako ameshaanza kazi, kwa sababu riba inaendelea kupanda juu ya deni la mkopaji kila siku na kuchelewa nako ni hasara kwake.

Nina mashaka yangu kuhusu utaratibu huu, na si kwa sababu wanazonipa wateja. Sina imani kwamba tangazo humsaidia mkopaji kama inavyodaiwa. Mnunuzi mzoefu akijua kwamba bei yake itatangazwa, huanza chini, au hukaa kimya akingoja ya mwenzake ili aipite kidogo tu. Familia inayotafuta pa kuishi huogopa kulipia ukaguzi wa nyumba inayoweza kuchukuliwa na mwingine, basi inajiondoa, na ushindani unapungua badala ya kuongezeka. Wala sishikilii msimamo mmoja kuhusu kama uanze na bei yako ya juu kabisa. Ninaegemea upande wa kukaribia kikomo chako mapema ukiwa na karatasi zote mkononi, ili tangazo lisiwape wengine nafasi kubwa ya kupanda. Lakini nimeona pia wanaokwenda hatua kwa hatua wakifanikiwa.

Karatasi zenyewe ni hizi: kitambulisho, uthibitisho wa fedha na chanzo chake, barua ya mkopeshaji inayoonyesha kiasi anachoweza kukupa, na jina la mwanasheria wako. Dalali ana wajibu wa kumfikishia muuzaji kila ofa bila kuchelewa na kwa maandishi, kwa hiyo andika barua pepe, usitegemee mazungumzo ya mlangoni. Benki nyingi hudai mikataba ibadilishwe ndani ya siku 28 tangu karatasi zifike kwa mwanasheria. Mimi huanza kusoma hati siku hiyohiyo, na humshauri mteja kuagiza ukaguzi wa jengo baada ya muda wa tangazo kwisha, isipokuwa kama tumeona dalili mbaya mapema.

Ukaguzi usiuruke. Utakapoitembelea nyumba utakuta choo kimezungushiwa utepe wa kukataza matumizi, mabomba yamekaushwa ili yasigande na kupasuka wakati wa baridi, na boila, mtambo wa kupasha maji moto, haiwezi kuwashwa. Benki haijapata kuishi humo, hivyo haitajaza fomu ya maelezo ambayo muuzaji wa kawaida huijaza kuhusu mipaka, majirani na matengenezo. Maswali yangu mengi hurudi na jibu moja, kwamba muuzaji hana taarifa. Mita ya umeme ya kulipia kabla inaweza kuwa na deni la aliyeondoka, basi ipigie simu kampuni ya umeme kabla ya kuweka fedha. Barua za madai zitakazoendelea kufika zinamfuata mtu, hazichafui anwani.

Kuna hatari moja ambayo matangazo huwa hayaitaji. Kabla ya mikataba kubadilishwa, mkopaji akipata fedha za kulipa deni lote na gharama, ana haki ya kuikomboa nyumba yake, na ofa yako inakufa hata kama hakuna aliyeipita. Mikataba ikishabadilishwa, haki hiyo inasimamishwa na mkataba halali wa mauzo. Mauzo yakikamilika unaipokea nyumba bila rehani ya benki iliyouza wala za wakopeshaji waliofuata nyuma yake, na kifungu cha 104 cha sheria ya 1925 kinakulinda hata kama benki ilikosea katika kuitumia mamlaka yake, mradi hukulijua kosa hilo. Basi siku ya kubadilishana, thibitisha na mwanasheria wako kwamba amana imetumwa, kwamba dalali ameiondoa nyumba sokoni, na kwamba bima inaanza siku hiyohiyo, kwa kuwa chini ya masharti ya kawaida ya mauzo hasara ya moto au ya bomba kupasuka ni yako tangu hapo, hata kama funguo hujazipokea.