Chipu ya pasipoti haitumi habari zako kwa setilaiti

Tangu Tanzania ianze kutoa pasipoti za kielektroniki mwaka 2018, bado nasikia watu wakiamini kuwa ile chipu huonyesha popote ulipo kupitia setilaiti. Sivyo. Haina betri. Imelala tu ndani ya kitabu hadi isogezwe sentimita chache kutoka kwenye mashine ya kusomea, ndipo ipate umeme. Hata hapo taarifa zako hubaki zimefungwa mpaka ofisa afungue ukurasa wa picha na mashine isome ile mistari miwili ya chini yenye alama za <<<.

Mimi hunitia wasiwasi zaidi lebo za redio kwenye nguo za madukani, yaani vile vibandiko vyenye chipu inayosomwa kwa mawimbi ya redio. Nyingi husomeka mita kadhaa, bila ufunguo. Ukinunua shati, ikate hiyo lebo.