Pasipopakwa buluu kwenye ramani ya mafuriko si lazima pawe pakavu

Dhana inayonichosha kuliko zote ni hii: kwamba ramani ya setilaiti isipoonyesha maji mahali, basi maji hayajafika. Mto Tana, Kenya, ulipofurika Aprili na Mei 2024 niliisikia tena na tena, na kwa watu wanaoamua malori ya misaada yaelekee wapi. Si kweli, na ni hatari.

Ramani nyingi za aina hiyo hutokana na rada ya Sentinel-1, setilaiti za Ulaya. Maji yaliyotulia mahali pa wazi huyatupa mawimbi ya rada upande wa pili, hayarudi kwenye setilaiti, na picha hutoka nyeusi. Programu husaka weusi huo na kuupaka buluu. Sasa teremka na mto kutoka Garissa: vichaka vya miiba vya mathenge vimefungamana, mikoma imesimama majini. Wimbi likigonga maji kisha shina, hurudi na nguvu zaidi, na pale panang'aa badala ya kuwa peusi. Vichaka vikiwa vizito, wimbi halifiki hata kwenye maji. Mjini kuta za nyumba hufanya kama mashina. Yote hayo programu huyaruka, huku mchanga mkavu na njia za kurukia ndege, ambazo nazo hutoka nyeusi, zikipakwa buluu bila tone la maji!

Kwa hiyo tafuta picha ya kiangazi iliyopigwa setilaiti ikipita njia ileile, ulinganishe. Angalia palipong'aa ghafla, si palipoingia weusi tu. Kisha mpigie simu chifu wa eneo. Ramani ambayo haijathibitishwa na mtu aliyeko huko mimi siitumi.

Mawingu? Huziba picha za kawaida zinazotegemea mwanga wa jua, kama za setilaiti za Sentinel-2. Rada hupenya mawingu, na usiku hufanya kazi vilevile.

Setilaiti pia haitazami mto saa zote. Mwaka 2024 Sentinel-1A ilikuwa peke yake, maana pacha wake, Sentinel-1B, iliharibika Desemba 2021, hivyo ilirudi kwenye njia ileile kila baada ya siku 12. Kilele cha maji kinaweza kupita hapo katikati. Soma tarehe na saa ya picha kabla hujatazama rangi.

Na msiniombe kina cha maji kutoka kwenye picha peke yake. Picha hutoa eneo. Kina hukadiriwa kwa msaada wa data ya miinuko, na kwenye tambarare ya Garsen kosa la mita moja hutenganisha maji ya magotini na maji ya kuzamisha mtoto.